Mizoga ndani ya wavu: nani aliwapunguza kopepodi wa Ghuba ya Chesapeake?

Kokota wavu laini kwa dakika chache katikati ya Ghuba ya Chesapeake, Marekani, wakati wa kiangazi, kisha mimina kilichonaswa kwenye kisahani cha kioo. Kwa macho matupu utaona kitu kama uji mwepesi. Chini ya hadubini uji huo ni umati wa wanyama, na wengi wao ni wa aina moja: Acartia tonsa, kopepodi (mnyama mdogo wa majini wa jamii ya kamba na kaa) wa milimita moja hivi, mwili kama punje ya mchele iliyo wazi kama kioo, na antena mbili ndefu zilizotandazwa kushoto na kulia kama fito za mtu anayetembea juu ya kamba.

Kwa miaka mingi hatua iliyofuata ilikuwa moja tu. Sampuli ilimiminiwa formalini, dawa ya kuhifadhia miili isioze, chupa ikafungwa, ikabandikwa lebo na kuwekwa rafuni. Baadaye mtu mwenye subira alikaa akahesabu, na kila aliyekuwa na umbo kamili aliandikwa kwenye daftari. Kimyakimya, daftari hilo lilichukulia kwamba kila aliyehesabiwa alikuwa hai alipoingia wavuni.

Hawakuwa hai wote. Baadhi yao walikuwa mizoga tangu majini, ikielea au ikizama taratibu pamoja na walio hai. Formalini huua kila kitu, na baada ya hapo huwezi tena kumtenga aliyekufa dakika tano zilizopita na aliyekufa jana. Naliona hili kuwa kosa zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu katika ghuba hii kuna swali kubwa linaloning'inia juu yake: kwa nini Acartia walipungua?

Kupungua kwenyewe si uvumi. Programu ya kuisimamia ghuba ilianza kufuatilia zooplanktoni, yaani wanyama wadogo wanaoelea majini, mwaka 1984, ikaendelea hadi 2002. Mwaka 2012 David Kimmel na wenzake walichapisha uchambuzi wa takwimu za muda mrefu kutoka sehemu ya kati ya ghuba, wakaonyesha kwamba Acartia wa kiangazi walikuwa wakipungua. Walilihusisha jambo hilo na kurutubika kupita kiasi kwa maji, lakini kwa njia ya mzunguko, na waliliacha wazo hilo na alama ya kuuliza. Alama hiyo ya kuuliza ndiyo ninayoishughulikia hapa.

Kwanza mahali penyewe. Chesapeake ina urefu wa kilomita 320 hivi, lakini kina chake cha wastani hakifiki hata mita 7. Katikati yake hupita mfereji wenye kina kirefu zaidi, mabaki ya bonde la mto wa kale uliofunikwa bahari ilipopanda. Mto Susquehanna peke yake huleta karibu nusu ya maji yote yasiyo na chumvi yanayoingia. Maji hayo, kwa kuwa ni mepesi, hutanda juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka Atlantiki. Tabaka mbili, na kati yake mpaka ambao upepo wa kiangazi mara nyingi hauna nguvu ya kuuvunja.

Mvua za masika husomba nitrojeni na fosforasi kutoka mashambani na mijini. Mwani wa hadubini hushamiri, hufa, huzama, na bakteria walioko chini huula huku wakitumia oksijeni. Juu ya mpaka ule oksijeni ipo, lakini haishuki. Ifikapo kiangazi, maji ya mfereji huwa na oksijeni chini ya miligramu 2 kwa lita, na penginepo hakuna kabisa. Jambo hili halikuanza jana: taarifa ya kisayansi kuhusu maji ya ghuba hii yaliyopungukiwa na oksijeni ilichapishwa mwaka 1938. Lililobadilika ni ukubwa wake.

Sasa mwangalie Acartia katika hali hiyo. Jike hataabiki na mayai kwa kuyabeba. Huyaachia majini, na mayai yenyewe ni mazito kidogo kuliko maji, kwa hiyo huzama. Katika maji ya vuguvugu huanguliwa baada ya siku moja hivi. Anayetoka ni nauplio, kiumbe mdogo asiyefanana kabisa na mama yake, naye hupitia hatua sita za unauplio na kisha hatua sita nyingine, ya mwisho ikiwa ya utu uzima, akijivua gamba kila anapovuka. Kwenye joto na chakula cha kutosha safari yote humchukua wiki moja hadi mbili. Kundi linalozaliana kwa kasi hiyo halipungui kwa sababu ya msiba wa siku moja. Likipungua mwaka baada ya mwaka, ujue kuna kitu kinachoua kila siku kwa kiwango kilicho juu kidogo tu ya kile ambacho uzazi unaweza kukifidia. Ndiyo maana kiwango cha vifo ndicho kiini cha kisa hiki, na ndicho kigumu zaidi kukipima.

Watuhumiwa wa kwanza ni walaji. Dagaa wa ghuba, Anchoa mitchilli, humla kopepodi mchana kwa kumwona. Acartia hana macho ya kumfaa hapo, lakini vinywele vya antena zake huhisi maji yanapotikisika, na akishtuka huruka kwa mwendo wa mamia ya urefu wa mwili wake kwa sekunde. Samaki wengi wadogo hubaki midomo wazi. Ila yuko mlaji mmoja ambaye ulinzi huu haumzuii: Mnemiopsis leidyi, mnyama wa ute, mwororo, asiyewasha, ambaye wengi wakimwona humhesabu pamoja na yavuyavu ingawa si wa ukoo huo. Huyu hapigi mbio. Vinyweleo vyake husukuma mkondo wa maji taratibu mno kupita kati ya mikunjo ya mwili wake, na utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba mkondo huo ni mtulivu kiasi cha kopepodi kutohisi hatari mpaka amekwisha kuingia ndani. Ndiye yule yule aliyesafirishwa kwenye maji ambayo meli hubeba matumboni ili zisiyumbe, hadi Bahari Nyeusi miaka ya mwanzo ya 1980 na kuivuruga. Chesapeake ni kwao.

Na kwao ana adui. Konyeza wa ghuba, yavuyavu awashaye aitwaye Chrysaora chesapeakei, ambaye mwaka 2017 alitambuliwa rasmi kuwa aina ya peke yake, humla Mnemiopsis. Panapojaa konyeza, Mnemiopsis huwa haba na kopepodi hupata nafuu. Konyeza huyo huanza maisha akiwa kiumbe kidogo kilichojibandika kwenye kitu kigumu, na zamani kitu kigumu kilichokuwa tele ghubani kilikuwa makombe ya chaza. Chaza wamevuliwa na kuuawa na maradhi hadi wakabaki sehemu ndogo sana ya walivyokuwa. Wapo watafiti waliounganisha mambo haya: chaza wachache, konyeza wachache, Mnemiopsis wengi, kopepodi wachache. Mnyororo huu una mantiki, na binafsi unanivutia. Hata hivyo kuvutia si ushahidi, na kila pete ya mnyororo ina sababu zake nyingine.

Mtuhumiwa wa pili ni maji yenyewe. Majaribio ya maabara hayaachi shaka kwamba Acartia aliyewekwa kwenye maji yenye oksijeni kidogo sana hufa ndani ya saa chache hadi siku moja. Joto huzidisha ukali, kwa sababu mwili wenye joto hudai oksijeni zaidi. Maji ya nyuzi 27 yenye kiasi fulani cha oksijeni yanaweza kumuua, ilhali kiasi hicho hicho katika maji ya nyuzi 15 angekivumilia. Kwa hiyo namba moja ya miligramu kwa lita, ile inayochorwa kwenye ramani za maji yaliyoishiwa oksijeni, haitoshi kusema nani atakufa wapi.

Lakini je, kopepodi hubaki humo akingoja kufa? La. Sampuli za tabaka kwa tabaka zilionyesha kwamba maji ya chini yakiishiwa oksijeni, kopepodi hujazana kwenye mpaka na juu yake. Na kuna matokeo ya mwaka 2003 ambayo nayapenda sana: Mary Beth Decker na wenzake waliwalinganisha Acartia wa Chesapeake na wenzao wa aina ile ile kutoka Florida, mahali ambapo tatizo hili si la kawaida. Wa Chesapeake waliyakwepa maji ya chini yenye oksijeni haba. Wa Florida hawakuwa na tahadhari hiyo. Ni kana kwamba vizazi vya ghuba vimefundishwa na vifo.

Hapo ndipo watuhumiwa wawili wanapokutana. Kopepodi aliyezoea kushuka mchana kwenye giza la chini ili samaki wasimwone, sasa hana pa kushukia. Ghorofa ya chini imefungwa. Anabanwa juu, kwenye mwanga, pamoja na dagaa ambao nao wamebanwa. Akijaribu kukaa kwenye mpaka wenyewe anamkuta Mnemiopsis, ambaye huvumilia oksijeni haba kuliko kopepodi na kuliko samaki, na ambaye majaribio yameonyesha kwamba huendelea kula vizuri humo. Kopepodi huyu akiliwa, tuandike kafa kwa nini? Mdomo ni wa mlaji, lakini aliyemsukuma mdomoni ni ukosefu wa oksijeni. Nadhani hii ndiyo maana ya ile njia ya mzunguko, na ndiyo sababu mabishano ya kama ni walaji au ni oksijeni huzunguka bila kufika.

Kuna njia ya kupunguza mzunguko huo. Anayeliwa haachi mwili. Anayekufa kwa kukosa hewa, njaa, joto, vimelea au maradhi huacha mzoga. Mizoga ikihesabiwa peke yake, sehemu ya vifo isiyotokana na walaji huanza kuonekana. Andrew Hirst na Thomas Kiørboe walikadiria mwaka 2002, kwa kukusanya takwimu za bahari mbalimbali, kwamba walaji huchangia takriban theluthi mbili hadi robo tatu ya vifo vya kopepodi wazima. Maana yake theluthi moja hadi robo moja hufa bila kuliwa. Mahali fulani mizoga hiyo ipo. Katika sehemu ya kusini ya Chesapeake Kam Tang na wenzake waliitafuta, na mwaka 2006 walichapisha kwamba ipo, na kwamba bakteria wa maji yale yale huishambulia na kuiozesha haraka.

Namna ya kuitambua ni ya zamani kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1972 watafiti wa ghuba hii hii walieleza jinsi ya kuwatenga kopepodi hai na wafu kwa rangi iitwayo nyutrali redi. David Elliott na Tang waliiboresha na kuichapisha upya mwaka 2009. Kazi yenyewe inadai mikono mepesi. Wavu ukokotwe polepole na kwa muda mfupi, la sivyo utawaua mwenyewe. Sampuli isibanwe kwenye chombo cha mkiani mwa wavu. Mara tu inapotoka majini inatiwa rangi na kuachwa kama dakika 15, kisha inachujwa na kusuuzwa. Kopepodi aliye hai huivuta rangi hadi ndani ya seli zake na kuihifadhi kwenye vifuko vyenye asidi. Mfu hana uwezo huo. Sampuli huweza kugandishwa kwa baridi na kutazamwa baadaye. Tone la asidi kidogo likiongezwa kabla ya kutazama, rangi huamka.

Kinachoonekana kisahanini hakihitaji maelezo mengi. Huyu ni mwekundu wa zambarau kuanzia kichwani hadi mkiani, utumbo na misuli vyote vimewaka. Ubavuni mwake yuko mwingine wa umbo lile lile, antena zile zile, ila mweupe wa kufifia. Ukimsogeza karibu zaidi unaona ndani nyama imejitenga na gamba, imekunjamana kuelekea katikati, na kwenye nafasi iliyobaki kuna ukungu wa bakteria. Wa tatu ni gamba tupu kabisa, na hapo inabidi usimame. Huyo yawezekana hakufa. Yawezekana alijivua gamba hilo na kwenda zake, mkubwa kuliko alivyokuwa. Anayeyahesabu magamba yaliyoambuliwa kuwa mizoga ataona msiba pasipo msiba, na anayeipuuza mizoga iliyoliwa ndani na bakteria akidhani ni magamba tu atakosea kwa upande wa pili. Gamba la kujivua huwa limefunguka mahali pake na halina hata uzi wa nyama. Mtu hujifunza kutofautisha, lakini hujifunza kwa macho yake, si kwa kusoma.

Tukishapata hesabu ya hai na wafu, bado hatujapata kiwango cha vifo, na hapa ndipo nilipo na wasiwasi mkubwa kuliko kwenye rangi. Tuchukue mfano wa kubuni wenye hesabu nyepesi: wavu umeleta kopepodi 100, 80 wekundu na 20 weupe. Uwiano wa wafu kwa hai ni 0.25. Je, vifo ni vingi? Inategemea mzoga hudumu muda gani kabla ya kuoza, kuzama au kuliwa na wala mizoga. Kama hudumu siku 2, basi ili tukute mizoga 20 wakati wowote tunapochota, kiwango cha vifo visivyo vya kuliwa ni 0.25 gawanya kwa 2, yaani 0.125 kwa siku: takriban 12 kati ya kila 100 walio hai. Kama hudumu nusu siku tu, kiwango ni 0.5 kwa siku: takriban 39 kati ya 100 (si 50, kwa kuwa walio hai hupungua kadiri siku inavyokwenda). Kisahani ni kile kile. Weupe ni wale wale 20. Tofauti ni kati ya kundi linalopata hasara ya kawaida na kundi linaloporomoka.

Na muda huo wa mzoga haukai mahali pamoja. Maji ya moto huharakisha uozo. Kwa hiyo asilimia ya wafu ikiwa sawa mwezi Februari na mwezi Julai, mtu asijidanganye kwamba vifo ni sawa. Vya Julai ni vingi zaidi, sababu miili haikai. Mbaya zaidi, kiangazi kikali kinaweza kuua zaidi na papo hapo kufuta ushahidi zaidi, hata asilimia ya mizoga ikashuka wakati vifo vinapanda. Upande mwingine, kwenye maji ya kina kifupi msukosuko wa mawimbi na mikondo huirudisha juu mizoga iliyokuwa ikizama, nayo huonekana kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Kadhalika mizoga mingi ikikutwa chini kwenye maji yasiyo na oksijeni, si lazima iwe ilifia hapo. Vitu huanguka.

Turudi basi kwenye zile chupa za formalini. Ukitaka kukadiria vifo kwa njia ya kawaida, unalinganisha idadi ya hatua moja ya ukuaji na ile inayofuata: wakiwa wengi hatua ya nne na wachache ya tano, tofauti hiyo ikipimwa dhidi ya muda wa kila hatua hutoa kiwango cha vifo. Sasa ingiza mizoga. Hatua ambayo vijana wengi hufia humo itaonekana imejaa, kwa sababu wafu wake wamehesabiwa pamoja na walio hai, na hesabu nzima hupinda. Elliott na Tang walilionyesha hili kwa Acartia wa ghuba hii hii mwaka 2011. Isitoshe, wavu wa tundu za mikromita 200 ni ungo unaowapitisha nauplio wengi wasionaswe kabisa, nao ndio umri ambao vifo huwa vikali.

Uamuzi wangu ni huu. Walaji ndio waliowaondoa Acartia wengi zaidi, sina sababu ya kulikana hilo. Lakini upungufu wa muda mrefu sidhani uliletwa na walaji kuongezeka peke yao. Uliletwa na maji ya chini kufungwa, ambayo yaliwafukuza kopepodi kutoka mafichoni, yakawaweka mezani kwa dagaa na Mnemiopsis, na yakaua moja kwa moja sehemu ambayo takwimu za zamani haziwezi kuionyesha, kwa kuwa zilihifadhiwa kwa namna iliyofuta tofauti kati ya uhai na kifo. Anayetaka kunipinga ana haki, maana mimi natumia mantiki pale ambapo ningependa kutumia hesabu. Hesabu ingewezekana. Rangi ilikuwapo tangu 1972. Ufuatiliaji ulianza miaka 12 baadaye bila kuitumia kama kawaida ya kazi, kisha ukasimama 2002, na inaniuma kila nikiwaza kwamba miaka 18 ya kukokota nyavu ingeweza kutupa nusu ya pili ya jibu kwa gharama ya dakika 15 za ziada kwa kila sampuli.

Mwaka 2010 serikali ya Marekani iliwekea ghuba kikomo cha virutubisho: pauni milioni 185.9 za nitrojeni na milioni 12.5 za fosforasi kwa mwaka. Mafanikio yake hupimwa kwa oksijeni, uwazi wa maji na mwani. Kopepodi hayumo kwenye vipimo hivyo. Oksijeni ya chini ikirudi, wa kwanza kufaidika hataonekana kwenye ripoti.

Naye yuko tayari. Mayai ya Acartia yaliyozama hadi kwenye tope lisilo na oksijeni hayaanguliwi. Baadhi huharibika, hasa tope likiwa na sumu ya salfaidi. Mengine husimamisha kila kitu na kungoja. Joto linaposhuka na upepo wa vuli unapouvunja ule mpaka wa maji, tabaka za juu na chini huchanganyika, oksijeni hufika sakafuni, na ndani ya siku chache nauplio huanza kupanda kutoka topeni, wadogo kiasi cha kupita kwenye tundu za wavu.